Mkopo wa gari la IST ulivyokula nyumba yangu ya Nzuguni

Mimi ni mtumishi wa serikali, niko Dodoma tangu ofisi yetu ihamishwe huku kutoka Dar. Nilikuja na begi mbili na mtoto mmoja mgongoni, sa hivi watoto wawili, na miaka yote hiyo napanga. Laki mbili na nusu kwa mwezi, miezi sita sita mkononi, kila ikifika Juni na Desemba naumwa tumbo. Mume wangu ni fundi aluminiamu, hela anaipata tena kuna miezi ananizidi vizuri tu, ila hana salari slipu, na benki mtu asiye na salari slipu ni kama hayupo. Kwa hiyo mkopo wa nyumba kama ni wa kuja ilibidi uje kwa jina langu.

Basi mwanzoni mwa 2024 nikamaliza deni la bodi ya mikopo ya elimu ya juu. Waliosoma kwa boom wananielewa, ile asilimia 15 ya mshahara wa msingi inakatwa juu kwa juu kabla hujaiona, kwangu ilikuwa laki tatu na thelathini kila mwezi maana msingi wangu ni milioni 2 na laki 2. Ilinisaidia pia kwamba 2021 walifuta ile asilimia 6 ya kutunza thamani ya fedha, la sivyo ningekuwa bado nahesabu. Mwezi ule makato yalipoisha nilifungua slipu kwenye simu nikiwa kwenye daladala, nikaiangalia mara tatu nikajua wamekosea.

Sasa hiki ndo kitu ambacho sikuambiwa na mtu. Siku makato yako yakipungua, wewe unafurahi umepata nafuu, ila kuna watu wengine wanafurahi kukuzidi, na hao ni watu wa mikopo. Sijui wanajuaje aisee. Haikupita mwezi wakaja ofisini wale vijana wa fulana za rangi moja na vipeperushi, mmoja akavuta kiti akakaa kabisa mezani kwangu, "dada yangu wewe una nafasi kubwa sana, unaiacha inalala bure." Nafasi. Neno zuri hilo ukilisikia limetoka kwa mtu anayetabasamu.

Niwaeleze hiyo nafasi ni nini maana ndo kesi yenyewe. Kwa mtumishi, makato yote yakijumlishwa hayatakiwi kuzidi theluthi mbili za mshahara wa msingi, theluthi moja lazima ibaki uende nayo nyumbani. Kwangu theluthi mbili ni kama milioni 1 na laki 4 na 66 elfu. Humo humo toa kodi ya mshahara, PAYE, 455,000, mfuko wa pensheni PSSSF asilimia 5, bima ya afya asilimia 3, chama cha wafanyakazi asilimia 2, jumla inakuja 675,000. Kinachobaki kama laki 7 na 91 elfu ndo nafasi. Yani rejesho la mkopo wowote ule, wa nyumba, wa gari, wa harusi ya mdogo wako, vyote vinagombania hiyo laki 7 na 91. Hakuna chumba kingine.

Mwezi wa tatu nikaenda benki kuulizia mkopo wa nyumba, kuulizia tu. Kaka niliyemkuta alikuwa muungwana, akachukua slipu yangu akapiga hesabu kwa riba ya asilimia 15 kwa miaka 15, akanambia mama, kwa hali hii unaweza kwenda mpaka milioni 56 na nusu hivi. Wakati huo kulikuwa na mzee mstaafu anauza nyumba yake Nzuguni, hapa hapa Dodoma, vyumba vitatu, hati mkononi, mwembe mmoja uani, anataka milioni 62 na hashuki. Benki walikuwa wanataka nichangie asilimia 10, yani milioni 6 na laki 2, wao watoe milioni 55 na laki 8. Mnaona ilivyokaa? Ilikuwa imekaa kama imepimwa na fundi cherehani. Na mimi kwenye akaunti nilikuwa na milioni 7 na laki 4 za kujibana miaka mitatu.

Sasa kwa nini sikuchukua siku ile ile? Kwa sababu mzee alikuwa na mambo ya familia, watoto wake wanavutana kidogo, akasema nipe miezi michache niwaweke sawa hao wanangu, nyumba ni yako. Kweli alikuwa mtu wa neno lake. Miezi ile michache ndo iliyonimaliza.

Mwezi wa tano yule kijana wa fulana akarudi. Nami nilikuwa nimechoka, mvua za Dodoma ni chache ila ukikutana nayo na mtoto wa chekechea kituoni unaikumbuka. Akanambia mkopo wa milioni 12, miaka sita, asilimia 16, rejesho laki 2 na 60 tu kwa mwezi. Nikapiga hesabu yangu ya kichwani, ya kijinga kabisa: nilikuwa nakatwa laki 3 na 30 ya bodi na nilikuwa naishi, sasa nakatwa laki 2 na 60, si bado nina afadhali? Nikajiona mjanja. Na nyumba je? Nikasema nyumba ina mkopo wake, hii ni ya gari, vitu viwili tofauti. Fomu zikazungushwa kwa afisa utumishi (siku hizi unaomba mwenyewe kwenye ESS, ule mfumo wa mtandaoni wa watumishi, hata huoni aibu ya kupita mlangoni kwa mtu), wiki moja hela ikaingia. Ya mkononi ilikuwa milioni 11 na laki 6 na kitu, ada na bima ya mkopo wameshatoa chao. Nikavuta IST ya rangi ya fedha kwa milioni 11 na laki 2. Tairi mbili, bima, sevisi, kadi, vikatoka kwenye akiba ya nyumba, nikasema ntarudishia.

Nisiseme uongo, gari nililipenda.

Mwezi wa kumi mzee akapiga simu, wanangu wamekubali, njoo tumalizane. Nikabeba makaratasi yote kwenye bahasha ya kaki, kitambulisho cha NIDA, barua ya mwajiri, taarifa ya benki ya miezi sita, kopi ya hati ya mzee, slipu tatu za mwisho. Yule kaka wa mwezi wa tatu alikuwepo, akanikumbuka kabisa. Akafungua slipu ya kwanza, kalamu ikasimama. Akasema "mama, hii laki 2 na 60 ni nini?" Nikamwambia aah hiyo ni ya kausafiri tu. Akanyamaza, akavuta kikokotoo, akapiga, akakigeuza nikaona mwenyewe. Milioni 38.

Nikadhani amekosea. Nikamwambia kaka, nilikopa 12, kwa hiyo toa 12 kwenye 56, inabaki 44, hiyo 38 umeitoa wapi? Hapo ndo akanipa somo ambalo mpaka leo nalirudia kwa kila mtu ofisini mpaka wananikimbia. Benki haitoi deni kwenye deni, inatoa rejesho kwenye nafasi. Milioni moja ya mkopo wa gari kwa miaka sita inakula kama 21,700 kwa mwezi. Milioni moja ya mkopo wa nyumba kwa miaka 15 inakula 14,000 tu. Kwa hiyo ile laki 2 na 60 niliyompa IST ingeweza kubeba milioni 18 na nusu za nyumba. Nilichukua 12 nikapoteza 18 na nusu. Na kadri mkopo mdogo unavyokuwa wa muda mfupi ndivyo unavyouma zaidi, ule wa mwaka mmoja ndo nyoka kabisa, hela kidogo rejesho kubwa. Sisi tunaona mkopo mdogo ni mdogo kwa sababu tunaangalia kiasi. Wao wanaangalia mwezi.

Nikamuuliza si nna gari, gari si mali? Akacheka kwa adabu.

Ningeishia hapo ningekuwa na kosa moja. Ila binadamu ukiambiwa hapana pa kwanza unaenda pa pili. Ndani ya wiki tatu nikaenda benki mbili nyingine na slipu ile ile, kama vile kwa wengine theluthi ni tofauti. Na usiku mmoja nikiwa sina usingizi nikabonyeza apu moja ya simu iliyokuwa inatangaza mkopo wa kujenga bila dhamana, nikajaza namba ya NIDA, nikakubali masharti bila kusoma, ikanambia natakiwa kuanza na laki moja na nusu ndo nipandishwe daraja. Nikaachana nayo.

Ile benki ya mwisho dada wa pale hakuanza na slipu, alianza na taarifa yangu ya mikopo. Tanzania tuna kampuni za taarifa za mikopo zenye leseni ya Benki Kuu, BoT, Creditinfo na Dun & Bradstreet, kanuni zake ziliwekwa 2012, ila ukiniuliza mimi kabla ya siku ile ningekwambia hayo mambo ni ya Marekani. Akaniambia "naona umeulizwa na taasisi nne ndani ya muda mfupi, una shida gani mpendwa?" Yani kila ulipoomba pameandikwa. Hawajui wewe ulikuwa unatafuta nyumba ile ile moja, wao wanaona mtu anayehangaika mlango kwa mlango, na mtu anayehangaika wanamuogopa hata kama hakijaharibika kitu.

Afu chini kulikuwa na kengine. Mkopo wa simu wa elfu 60, umechelewa siku 40 na zaidi. Nikabisha. Nikabisha kweli kweli, mpaka nikakumbuka msiba wa binamu yangu, nilikopa kwenye simu nikiwa stendi ili nipate nauli, laini yenyewe nikaja kuiacha baadae. Nilishalipa! Ila kulipa nililipa nimechelewa, na waliokopesha hawakupeleka taarifa kwamba nimemaliza, kwa hiyo kwenye karatasi nilikuwa bado mdaiwa. Elfu sitini. Nimekaa na jina bovu kwa hela ya kilo tano za nyama ya ng'ombe na mkaa wake.

Hilo la elfu 60 lilitengenezeka, nisiwatishe. Una haki ya kuomba taarifa yako na ukikuta kosa unaandika kupinga, nami nilipeleka ujumbe wa malipo, wakafuatilia, ikasomeka imelipwa. Ila kuchelewa kwenyewe hakufutiki kwa kuomba, kunabaki pale kama kovu la ndui. Dada akanishauri kitu kimoja nikaona ana akili, kwamba ningeomba hiyo taarifa miezi sita kabla ya kuanza kutafuta nyumba, siyo kuletewa mezani na mtu anayenihukumu nayo.

Nyumbani ilikuwa kimya wiki nzima. Mume wangu hakunilaumu, na ndo iliuma, maana gari naye alikuwa anabebea fremu zake. Jumamosi moja akasema mama, tuuze. Tukampa dalali, tukakaa mwezi na nusu watu wanakuja kufungua boneti na kufunga, mmoja alilala chini kabisa na shati jeupe akachungulia, akaondoka bila kusema bei. Mwezi wa 12 tukauza milioni 9 na laki 3.

Nikaenda kuuliza baki la mkopo nikijua nimelipa miezi saba, milioni 1 na laki 8 na kitu, basi ntakuwa nimebakiza kama milioni 10. Wakanambia milioni 11 na laki 2 na 70. Nilikaa kwenye kile kiti cha plastiki. Miezi saba deni limepungua laki saba na kitu tu, iliyobaki yote riba, maana mwanzoni wanakula riba kwanza. Kwa hiyo hela ya gari lote ikaenda, na juu yake nikatoa karibia milioni 2 kwenye akiba. Ukijumlisha na zile tairi, bima na sevisi za mwanzo, akiba iliyokuwa milioni 7 na laki 4 ikabaki milioni 3 na laki 6.

Mzee wa Nzuguni nilimpigia mwenyewe, sikutaka asikie kwa dalali. Akasema "pole mwanangu, ila mimi na mke wangu tunataka kurudi Singida kabla ya mvua." Aliuza kwa mtu mwingine. Siku moja nilipita kwa bodaboda, mwembe wameukata wameweka bango la duka la vifaa vya ujenzi. Nikamwambia dereva twende tu.

Tangu pale nimekaa miezi 14 bila kugusa mkopo wa aina yoyote. Ila kuna ujanja mmoja nilioufanya ambao nauona ni wa maana kuliko yote: ile laki 2 na 60 niliendelea kujikata. Slipu ilipokuja safi bila rejesho nikaweka maagizo benki ikitoka mshahara tu iende akaunti nyingine, kama vile IST bado ipo barabarani. Si nilikuwa naishi bila hiyo hela? Basi niendelee kuishi bila hiyo hela. Miezi 14 imenirudisha milioni 7 na laki 2 na kidogo.

Kwenye SACCOS ya ofisini, chama chetu cha kuweka na kukopa, niligoma pia kumdhamini mtu, na hili limenigharimu urafiki. Kuna dada alikuja na fomu yake, nikamwambia mwenzangu niko kwenye mambo ya nyumba, yeye akilegea hisa zangu ndo zitashikwa na mimi ndo ntaandikiwa barua. Alinuna. Bado ananuna, tunasalimiana kwenye ngazi tu. Sioni namna ningefanya.

Sasa hivi kuna nyumba Mkonze, milioni 58, ndogo kidogo, jiko la mkaa la nje halina paa, ila hati safi. Nimeomba benki moja tu. Mchango wangu milioni 5 na laki 8, inayobaki ni ya mthamini, mwanasheria, stempu diuti asilimia 1, hayo nayo hayamo kwenye mkopo, unatoa mfukoni, na wengi wanakwama hapo hapo wanakimbilia kukopa kidogo cha kujazia. Hicho kidogo cha kujazia kinatokea kwenye slipu ya mwezi huo, na benki kabla ya kutoa hela wanaomba slipu ya mwezi huo huo. Kuna mwenzetu idara ya pili alishapewa barua ya ofa, akaichukulia kama hela iko mfukoni, akafanya topapu, yani akaongeza mkopo juu ya aliokuwa nao, ya kununulia makochi ya nyumba mpya. Makochi anayo, yako kwenye nyumba ya kupanga.

Mume wangu ameshasaini ridhaa ya mwenza, maana nyumba ya familia haiwekwi rehani bila mwenzako kukubali, alisaini huku anauliza mbona kila ukurasa. Mthamini amekuja juzi akapima, akaandika, hakuongea.

Afu Jumanne friji likafa. Halina hata kelele, limekaa tu kama kabati. Fundi anasema kompresa, bora mnunue jipya, na kuna duka pale mjini wanatoa friji unalipa kidogo kidogo miezi 12, kitambulisho tu na salari slipu. Baba watoto akaniangalia. Nikamwambia hata usiitamke hiyo, mpaka mwenye nyumba ya Mkonze alipwe. Kwa hiyo samaki wetu wako kwa mama wa nyumba ya tatu, kwenye mfuko wa bluu, nimefunga fundo mbili ili wasichanganyike na wa kwake.